Kipande cha Mchu

Mchu wa nyuma ya nyumba yetu, Mikindani,
uling'olewa na mvua za Mei, ukalala topeni
mizizi juu, bila haya.
Mama akaniambia: Kata kipande, unihesabie.
Karani wa chifu ataka mwaka wangu
nami cheti sina, nina mti ule:
mbuzi wa akika yangu alifungwa hapo
ulipokuwa mche wa kimo cha goti.

Mimi ni seremala. Karakana yangu iko Magongo,
vitanda na makabati, mvule ukipatikana,
msonobari usipopatikana mvule.
Pete nazijua. Mvua zikija mti hunywa, mishipa hutanuka;
kiangazi hubana, mbao hukazana, mstari mweusi hubaki.
Mwaka, mstari. Mwaka, mstari.
Ndivyo alivyonifunza fundi Bwanaadi
na sikuwahi kumuuliza mti gani.

Nikapiga msasa, kwanza ule wa ulimi wa paka,
kisha ule laini, nikapaka maji:
kahawia, nyeupe, kahawia.
Nikahesabu kwa ncha ya msumari.
Mia na kumi na saba.
Nikakigeuza, nikaanza upande wa pili.
Tisini na tatu.
Mama akacheka hadi leso ikamvuka:
"Basi mimi nimemzaa mamangu,
na huku nimemzaa dadake!"

Akaja Zamda wa Mwinyihaji,
yule ahesabuye miche ya mikoko kwenye hori la Tudor.
Akatoa wembe, akachonga kipapi chembamba kuliko ngozi ya kitunguu,
akakiinua juani.

"Fundi, miti uliyoizoea ina utando mmoja
baina ya gome na mbao.
Utando huo huzaa pande mbili:
ndani, mishipa ya kupandisha maji;
nje, nyuzi za kuteremsha sukari ya majani.
Mshipa haupitishi maji mpaka seli zake zife,
zibaki kuta tupu. Mbao ni nyumba za waliohama.
Ukiuchuna gome mviringo, umeukata koo.

Mchu si hivyo.
Mchu, utando mmoja ukichoka, hufuma mwingine nje yake,
na mwingine,
na zile nyuzi za sukari huzimeza ndani ya mbao,
mbichi, hai.
Tazama mishipa yake: myembamba, mingi,
maana maji ya chumvi hayanyweki kwa bilauri.
Pete hizi si miaka.
Ni mara ulizoanza upya.
Hapa zimeungana, hapa zimepotea,
ndiyo maana msumari wako umekusengenya."

Mama alikuwa akichambua mchicha.
Akauliza moja tu:
"Na ukichunwa?"

"Ukichunwa mzima, bibi, pande zote, bado huishi.
Chakula kinapita ndani."

Mama akaendelea na mchicha.
Mwaka ule Shali hakurudi kutoka Shimanzi,
majirani walinong'ona mlangoni: huyu hafiki Ramadhani.
Akafika. Akafunga yote,
akaongeza na sita za Mfunguo Mosi,
na kila magharibi akapakua sahani ya Shali
akaipeleka kwa mtoto wa jirani
bila kusema ni ya nani.

Tulikwenda kwa chifu, kipande kwapani.
Karani hakukitazama.
Akaandika tarehe moja Januari
kama anavyowaandikia wote,
mwaka akauchagua mwenyewe.
Mama akatia kidole, akakipangusa kwenye leso.

Sasa kipande kinafunika pipa dogo la maji,
maana mfereji wetu hutoka Jumatatu, ukipenda.
Kimepasuka kidogo, kama ada ya mbao ikikauka.
Ufa ulianzia ukingoni, ukaingia ndani
hadi pete ya ishirini,
au ya tisa, inategemea unaanzia wapi,
ukakoma.