Fomu ya Maswali Ishirini na Matatu

Mnalala wangapi chumbani?
Andika saba, Bwana Anselmo.
Hapana, futa. Andika sita na nusu,
maana mume wangu Eleuterio hulinda ghala usiku,
na alfajiri hukirithi kitanda kikiwa na joto la wengine.

Yulisa hulala katikati,
mgongo kwenye tumbo la bibi yake,
nyayo mbavuni mwa Edilberto.
Ukungu wa Julai huingia huku mlimani bila hodi,
hupenya kati ya mbao.
Ungekuwa wewe, ungemlaza mtoto peke yake?

Maji.
Lori hupanda Jumanne na Ijumaa, likitaka.
Dereva hutumbukiza mpira ndani ya pipa letu la buluu,
mpira ule ule ulioburutwa tangu nyumba ya kwanza
ukalamba kila kizingiti.
Pipa liliwahi kubeba rangi, wanasema. Au dawa ya nyanya.
Lina mfuniko. Andika lina mfuniko.
Usiandike ufa.
Usiandike kwamba kopo la kuchotea ni moja
na mikono ni kumi na minne.

Mnachemsha?
Gesi ikiwepo.
Mtungi ukianza kuwa mwepesi nachagua: supu au maji.
Nawe ni msomi, niambie,
mwenye njaa huandaliwa mvuke?

Choo ni shimo, hatua kumi na nne kutoka jikoni.
Kwenda juu, ndiyo. Sisi hatukuuchora mlima.

Mboga ni letusi za bondeni,
kule mto ukishaoga mji mzima
huenda kumwagilia bustani.
Kijani chake kilinidanganya. Nilidhani ni afya.

Swali la kumi na saba ulilisoma kwa sauti ndogo:
kuna mtu aliyemtafunia mtoto chakula?
Mama Fortunata alikuwa anamenya viazi.
Kisu kikasimama.

Alimtafunia, kama alivyonitafunia mimi
mahindi ya kukaanga na nyama ngumu ya kondoo
huko Huancavelica,
ambako meno ya bibi yalikuwa kinu cha mtoto.
Yeye mwenyewe tumbo limemuunguza miaka thelathini,
akilituliza kwa mnanaa wa porini,
akituambia ni ukali wa pilipili.
Kikulacho ki nguoni mwako.
Chetu kilitoka mdomoni kwa aliyetupenda
kikapita taratibu, kimelainishwa.

Ndipo Yulisa akapuliza mfuko wako wa fedha.
Alidhani ni puto, akalia ulipouchukua.
Wiki tatu baadaye pumzi yake ikarudi ikiwa karatasi:
yumo. Amejisokota kama parafujo
ukutani mwa tumbo la mtoto wa kilo kumi na sita,
na damu yake imepauka hadi kucha.

Vidonge siku kumi na nne, vyenye ladha ya sarafu.
Nilikuuliza, hatarudi?
Ukasema inategemea.
Ukatazama pipa.

Leo umekuja kuifunga fomu.
Basi tazama: kila kijiko kina uzi wake.
Mwekundu Edilberto, njano Yulisa,
wangu kijani, kama zile letusi.
Mama Fortunata alichagua mweusi,
akakitundika msumari wa mbali,
na tangu siku ile hula akiwa ameuelekea ukuta.
Hakuna aliyemwambia. Wewe ulisema tu "vyombo tofauti".

Jana Yulisa alibeba sahani yake hadi pale,
akaketi,
akaugeukia ukuta naye.
Nikaanza kumkataza, neno likaninasa kooni.

Swali la ishirini na tatu: maoni mengine.
Mmetuachia mistari miwili.
Nina la kusema, na halitatosha hapo.
Lakini sikia honi, hiyo ni Ijumaa inapanda.
Shika kalamu yako, Bwana Anselmo,
usiondoke.
Nikakinge maji kwanza.