Vipimo

Detlev Harms amerudi tena Jumanne,
muuza miwani wa Uelzen, miaka hamsini na sita,
amekumbatia mfuko wa karatasi
kama mtu anayempeleka paka kwa daktari.

Ndani mna koti la askari wa farasi na mkuki,
la vita vya mwaka wa kumi na nne.
Bibi mmoja wa Soltau ametuazima kwa wiki mbili:
tusilifue, tusilipige pasi,
na lisipite kichwani wala mkononi mwa mtu.
Nguo ya kuazima haisitiri, najua,
lakini hii hatutaki itusitiri, twataka itufundishe.
"Nataka hivi hivi," anasema. "Uzi kwa uzi."

Nalilaza chini ya taa.
Sufu ya kijivu, utepe mwekundu mwembamba kama mkwaruzo,
vifungo kumi na vinne, safu mbili
zinazobanana kiunoni na kuachana kifuani.
Kwapani jasho limechora ramani.
Linanuka dawa ya nondo, na chini ya dawa, farasi.

Napima.
Kifua, themanini na nne.
Kiuno, sitini na nane.
Mikono mifupi.
Nageuza pindo la mkono wa kulia
nakuta sentimita nne zimekunjwa ndani,
kitambaa cha akiba, rangi yake bado mbichi:
fundi mwenzangu alimwachia kijana nafasi ya kurefuka.
Nageuza na kushoto. Nne.
Mishono haijawahi kufumuliwa.

Kisha nampima Detlev.
Mia na kumi na mbili. Mia na kumi na nane.
Anabana pumzi, masikio yanakuwa mekundu.
"Pumua," namwambia, "hata vitani walipumua."
Anacheka, utepe wa kupimia unanitoka vidoleni.

Naandika: kitambaa cha kuongeza, karibu mita nzima.
Simwambii kinaenda wapi.
Harusi mbili, supu za Jumapili, goti lililopasuliwa,
mjukuu anayelalia tumbo hilo akitazama televisheni.

Vingine anavyo. Buti zimetoka Poland.
Tandiko amelipata kwa mkopo, mkewe hajaambiwa bei.
Mkuki wa chuma, mita tatu na zaidi,
anausafirisha juu ya paa la gari
na kitambaa chekundu nchani, kama sheria ya barabara inavyotaka.
Farasi ni Fenja, jike mzee wa shule ya kupandia,
siku za kazi anabeba watoto, anaogopa miavuli.
Jumamosi atasimama kwenye moshi wa baruti bandia
wala hapana atakayemwambia ni mwaka gani.

Ijumaa anakuja kulijaribu. Limemkaa.
Anajitazama kwenye kioo upande, upande mwingine,
anazima simu iliyokuwa ikilia mfukoni.
Kisha anabonyeza pindo la mkono.
"Mbona hapa pazito?"

"Ulisema uzi kwa uzi," nasema,
nikitafuta sindano ambayo haijapotea.