Mheshimiwa wa Skelbeck

Sanduku lilifika posta ya Nakuru na stempu za malkia
na barua ya bintiye: Baba amefariki. Alisema upewe wewe.
Ndani, juzuu kumi na tisa za Hansadi,
zenye harufu ya nchi isiyoanika vitu juani.

Mimi nami nilikuwa karani. Miaka thelathini na mmoja
niliandika kumbukumbu za baraza la mji huu:
mitaro, leseni za bucha, nani aliunga mkono,
nani alitoka nje akisonya.
Basi nikavaa miwani, nikamsoma
kama fundi akaguavyo mshono wa fundi mwenzake.

Alizaliwa kwenye gari la maksai, kabla halijafika Njoro,
ndiyo maana nyanya yangu, Tapkigen,
akamwita Kipruto, mtoto wa safarini.
Nyanya ndiye aliyembeba, akamkanda tumbo,
akamlisha uji wa wimbi, akamzimia taa.
Alipotimiza miaka minane wakampandisha treni,
kofia imemzidi kichwa.
Nyanya alisimama upande wa mizigo.
Upande ule mwingine haukuwa wake.

Kule akawa Desmond. Kisha vita, kisha sheria,
kisha mji wa viwanda vya sufu ukamchagua
kwa kura mia tatu na nne,
na siku hiyo jina likamtoka tena:
katika Bunge lao mtu haitwi jina, huitwa mahali.
Mheshimiwa wa Skelbeck.
Akitaka kusema husimama, amtazame Spika;
asipoonwa huketi; husimama tena.
Miaka kumi na tisa ya kusimama na kuketi,
magoti kama ya mtu wa sala.

Nimehesabu, ndiyo kazi niliyoizoea.
Bei ya sufu: mara mia mbili na kumi.
Reli ya tawi iliyofungwa: arobaini na tatu.
Mbwa wa polisi: sita.
Njoro: mara moja. "Nililelewa na mwanamke wa huko,
aliyenifunza kwamba uji hausubiri hotuba."
Na karani wao, mwaminifu, akaongeza kwa mabano: Kicheko.
Jina la mwanamke halimo.
Labda alifuata kanuni.

Juzuu ya kumi na tatu nilitaka kuiruka.
Usiku wa manane kengele zililia, wakagawanyika:
ujia wa Ndiyo, ujia wa Siyo.
Yeye yumo kwenye Ndiyo, safu ya pili, herufi ndogo.
Wiki hiyo duka la Vallabhdas hapa Nakuru lilifunguliwa saa nne.
Pasipoti yake ya bluu, yenye jina la malkia,
haikuweza tena kufungua mlango wa malkia.
Alinipimia sukari nusu kilo, akasahau kuchukua pesa.

Miaka sita baadaye Skelbeck nayo ikamchoka:
kura themanini na nane.

Alikuja mwenyewe mara moja, kabla ya sanduku,
mzee mwenye soksi ndefu za kijivu,
akiuliza mjini kwa mjukuu wa yaya Tapkigen.
Nilimpeleka Njoro, nyuma ya zizi la shangazi Tabutany.
Kaburi halina saruji, lina mchongoma.
Shangazi akaninong'oneza, "Huyu amekuja kupima shamba?"

Akasimama. Akatazama mbele, kama anayesubiri kuonwa.
Akaketi juu ya jiwe la kunolea panga.
Akasimama tena.
Mara nne, na Spika hapakuwa,
palikuwa na kuku, na redio ya jirani ikitangaza bei ya pareto.

Kiswahili alichobaki nacho kilikuwa cha jikoni, chote cha amri:
leta, tandika, harakisha, funga mlango.
Mtu ataombaje radhi kwa maneno hayo?
Aliyapekua moja moja, midomo ikicheza,
kisha akainama
akasema alichokuwa akiambiwa taa inapozimwa:
"Lala."

Shangazi, aliyekuwa akicheka, akaenda kumletea kiti.
Hakukikalia.