Viatu vya Gikomba

Viatu nilivinunua Gikomba,
mtumba, kisigino kimeliwa upande
na mlima wa watu wengine.

Mianzi ilipokwisha, Njagi alivua kofia,
akauelekea mlima, akanena kwa Kiembu
maneno machache, ya chini.
Nilikuwa nimeshainua simu.
Hakunikemea. Alinyamaza, akangoja
mpaka nikairudisha mfukoni,
ndipo akaanza upya, toka mwanzo.

Maana yake sikuuliza.
Kileleni? Sikufika. Kichwa kiligonga, tukashuka.

Leo alfajiri, juu ya paa Huruma, naanika shuka.
Kati ya matangi mawili ya maji
Kirinyaga umejitokeza, mweupe kidogo tu.
Mama Achola, mikono povuni: "Watazama nini?"
Vibanio vi mdomoni.
Namwelekeza kwa kidevu,

naye anaacha kukamua.