Sifuri ya Tsiala

Mashine ililetwa Telavi juu ya trekta
mwaka ambao nywele za Tsiala zilikuwa bado nyeusi.
Rangi yake ya mtindi. Mgongoni ina tundu
la pini ishirini na tano, ambalo halijawahi kuchomekwa kitu
ila kijiti cha kiberiti, kuzuia buibui.

Kazi yake ni kuuliza mvinyo swali moja:
mwanga niliokukopesha, umerudisha kiasi gani?
Na saperavi, zabibu nyeusi hadi nyama,
hulipa shingo upande, kama mdeni sugu.
Tarakimu huwaka kijani. Tsiala husoma kwa sauti,
mimi huandika daftarini.
Miaka sita tumekaa hivyo, bega kwa bega,
yeye jicho, mimi mkono.

Kisha mkurugenzi Onise akasema
ofisi ya Tbilisi inataka namba zijilete zenyewe.

Kompyuta za leo hazina tundu la namna ile.
Nikanunua adapta kwa mchuuzi wa chaja na betri za saa,
nikakata waya, nikaunga kwa lehemu hadi saa nne usiku,
moshi ukiniliza.
Nikachomeka. Kimya.
Kasi elfu tisa na mia sita: kimya.
Elfu moja na mia mbili: kimya.
Kitabu cha maelekezo ni cha Kijerumani,
na ukurasa wa nyaya uligandishwa kwa jemu
na mtu ambaye sasa ni marehemu.

Tsiala, akisuuza vichupa, hakugeuka:
"Umeunga mdomo na mdomo.
Wote wanasema. Anayesikia nani?"

Nikatazama. Pini ya pili kwa ya pili,
ya tatu kwa ya tatu,
sikio nalo limeelekezwa kwenye sikio,
yanangojana.
Nikazikata, nikazipishanisha.

Zikaja takataka: vibanda, mikia ya herufi, alama za kuuliza.
Heri hivyo. Angalau kuna mtu anaongea, japo kalewa.
Nikapunguza biti moja, saba badala ya nane,
pombe ikamtoka:
sifuri nukta nne moja sita.

Nilipiga yowe hata Gocha mlinzi akaja mbio na tochi.

Tsiala akakausha mikono, akavaa miwani.
"Siyo."
Kwenye mashine nne moja sita, kwenye skrini nne moja sita.
"Siyo. Ni nne sifuri nne."
Akajaza kichupa maji matupu yaliyokenekwa,
yasiyodaiwa na mwanga hata senti.
Sifuri nukta sifuri moja mbili, ikasema mashine.
Kompyuta ikarudia, kasuku.

Kitufe cha kusawazisha kilikufa zamani.
Taa ilibadilishwa miaka kumi na mmoja iliyopita,
wakaweka isiyo yake.
Tangu hapo amekuwa akitoa kumi na mbili kichwani,
pale kati ya jicho na ulimi,
nami nimejaza madaftari manne
nikidhani naandika maneno ya mashine.

"Mbona hukuniambia?"
"Hukuuliza." Akamwaga maji.
"Na wakati wa baridi ni kumi na nne."

Waya haukukosea. Ulileta vyote
isipokuwa yeye.

Nikaongeza mstari kwenye programu: toa kumi na mbili.
Na juu yake swali, maana sikuwa na namna nyingine:
leo kuna baridi?
Kipima joto hatuna. Hujibu yeye, kwa kidole kimoja,
baada ya kutazama theluji kule mlimani
imeshuka hadi wapi,
na mara nyingine baada ya kugusa tu kikombe chake cha chai.

Tbilisi wameandika barua. Wanasifu usahihi wa kifaa.
Tsiala aliisoma, akaifanya kizibo cha dirisha linalopitisha upepo.

Kijiti cha kiberiti ninacho, kwenye kopo la kalamu.
Bado anasoma tarakimu kwa sauti.
Mkono wangu, hauna daftari, huchezacheza mezani.