Rangi ya Maji ya Mchele

Herufi zinaanzia D.
Nilimuuliza Parminder, A iko wapi?
Akacheka, akafungua droo, akasema
waliopanga ngazi hii waliziruka zile tatu za mwanzo,
maana wauzaji wa zamani walikuwa wamezichakaza.
Basi weupe kamili ni D,
kisha unashuka, E, F, G, polepole,
kama shati linalozeekea kwenye kamba,
mpaka Z, ambako hata mimi ningeona manjano.

Ilikuwa Jumamosi ya Novemba, mtaa wa masonara, Birmingham,
mvua ile isiyonyesha wala kukata,
na Tunu bado yumo kwenye viatu vya zamu ya usiku.
Tulikuwa na pauni mia tisa na sitini
na gari ambalo breki zake tulizisukuma mpaka Januari.

Parminder akapanga mawe matano juu ya karatasi nyeupe,
kifudifudi, migongo juu,
kwani ukilitazama usoni, alisema, jiwe linajua kudanganya.
Nikainama mpaka pumzi ikatia ukungu kwenye kioo.
Niliona matone matano ya maji.
"La tatu lina joto kidogo," akasema. "La tano zaidi."
Nikatikisa kichwa
kama mteja wa gereji anayeambiwa habari za gia.

Kwetu rangi hukopwa kwenye vitu.
Manjano ilitoka jikoni na bado inachafua vidole,
kijivu kilizolewa jikoni vilevile, chini ya chungu,
zambarau iliangushwa mtini kwa fimbo,
kahawia imenywewa.
Na chai ikikosa maziwa ndiyo huitwa ya rangi.
D imekopwa kwa nani?

Tunu hakusema neno.
Aliomba ile karatasi, akaibeba mpaka dirishani,
Parminder nyuma yake hatua kwa hatua, mikono imekingwa
kama anayemfuata mtoto anayejifunza kutembea.
Mwanga wa saa tisa ulikuwa umekwisha kuchoka.
D ikawa kijivu.
G ikawa kijivu.
Lile la tano, J, likabaki na kitu ndani.
"Maji ya mchele," akasema Tunu.
"Yale ya kuosha mara ya pili."

Parminder akatuonya kwa upole:
mtu akiligeuza ataona.
"Nani atanigeuza kidole? Wazee wangu?
Mzee Walter namwogesha mwaka wa tatu sasa,
kila asubuhi ananiita Sheila."
Akaliweka kati ya vidole viwili, juu ya ngozi yake.
Kitabu cha picha pale mezani kilikuwa na mkono mmoja tu,
wa waridi, ukurasa hadi ukurasa,
na kwenye mkono ule D ilikuwa barafu safi.
Kwenye mkono wa Tunu
J ilikuwa taa ya chumba cha ndani,
ile inayoachwa ikiwaka kwa ajili ya atakayechelewa.

Tukalipa. Zikabaki pauni arobaini na moja.
Tukala chipsi tumesimama, siki ikitudondokea mikononi,
pete bado haijawa pete.

Usiku nikampigia baba, Shinyanga.
Miaka kumi na tisa alitoka mgodini kila jioni
akiinua ulimi ili wapekuzi waone chini yake.
Hajawahi kumiliki hata chembe.
"Limechimbwa wapi?"
"Halikuchimbwa, baba. Limeoteshwa."
"Kwa mvua gani?"
Nikamweleza: tanuri la chuma, gesi, wiki kadhaa,
na kipande chembamba cha almasi kikiwa mbegu.
Kimya.
Nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni.

"Na hao wanaoliotesha," akauliza,
"wakitoka langoni, wanakaguliwa?"

Sikujua.
Mimi niliuliza rangi tu.