Vipande Kumi na Tisa

Hapa Tartu, mwezi wa kwanza, jua huripoti kazini saa tatu
na kuaga mapema kama bosi.
Mimi hubaki na mashine.
Kazi yangu ni kusoma herufi nne tu, A, C, G, T,
zikipangwa na kupangwa upya hadi macho yanitoke machozi:
watu huagiza vinasaba kama wanavyoagiza viatu,
nasi tunavichapa, tunavikausha,
tunavitia kwenye kichupa kisichozidi kidonge,
tunabandika stempu.

Usiku ule iliingia oda ya vipande kumi na tisa.
Kila kipande kifupi. Kifupi mno kwa kanuni,
maana kanuni inasema: chini ya herufi mia mbili, usiulize.
Skrini ikawaka kijani. Pita.
Kijani, pita. Kijani, pita,
mara kumi na tisa, kama mlinzi anayesinzia
akiitikia salamu za watu asiowatazama.

Lakini mimi nafuma glavu tangu nina miaka sita.
Najua kidole gumba kikiwa peke yake si kitu,
ni kifuko cha sufu;
najua pia ukingo unaosubiri ukingo mwenzake.
Nikavipanga, mkia wa hiki kwa kichwa cha kile,
na herufi zikashikana mikono.
Kinga na kinga
ndipo moto uwakapo.
Sikuutaja moto ule kwa jina. Hata hapa sitautaja.

Nikampigia Heldur Pihlak, wizarani, Tallinn,
saa saba za usiku, sauti yake ingali ndani ya blanketi.
"Muswada uko bungeni," akasema, "umesomwa mara ya pili.
Kifungu cha tisa ndicho chenye mgogoro.
Ulinzi wanataka orodha ya hatari iwe siri,
Afya wanataka kila daktari aione,
Uchumi wanauliza wateja watasubiri siku ngapi
kabla hawajahamia kwa jirani."
"Na mimi nifanye nini?"
Nikasikia akiwasha taa. Nikasikia akiizima.
"Kisheria," akasema, "hujaona kitu."

Kisheria.
Mpaka uko mwendo wa saa moja kutoka hapa;
una waya, una kamera, una vijana wenye bunduki
na mbwa wanaonusa sigara za magendo.
Kichupa changu kingepita mfukoni mwa mtoto.
Kingepita hata bila mfuko, kama barua pepe,
kikachapwe huko huko.

Nikaibana oda.
Fomu ina mstari: Sababu ya kuzuia.
Nikaandika: glavu.
Nikafuta. Nikaandika: vipande vinaungana.

Saa nne asubuhi mteja akapiga simu,
mwanafunzi wa tiba ya mifugo kutoka Latvia, Dzidra,
sauti imemkauka kwa kukesha.
Ni chanjo, akasema. Ndama wanakufa zizini kwa baba yake.
Ana barua ya profesa, ana muhuri, ana tarehe ya mwisho.
"Unanionaje mimi? Gaidi?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na herufi.
Nilimwomba siku tatu. Akacheka
kicheko cha mtu anayeuona mlango mwingine uko wazi.

Alasiri akaifuta oda.
Ipo kampuni nyingine, nchi nyingine, inauza nusu bei
na haiulizi.
Labda ndama wamepona.
Naomba wawe wamepona.

Wiki iliyofuata Heldur alinitumia ujumbe:
kwenye rasimu mpya, mia mbili imeshuka hadi hamsini,
ingawa bado iko ndani ya mabano.
"Hii ni kwa ajili yako, Urve," aliandika.
Nilifurahi. Kweli, nilifurahi,
nikachemsha kahawa, nikaketi na ufumaji wangu.
Kisha nikautazama mkasi pale mezani,
mdogo, wa kukatia uzi.